Gesi Haiishi, Huvuja: Mwongozo wa AC kwa Gari Lililokula Chumvi

Kigonsera, kwenye barabara ya Songea kwenda Mbinga, iko kati ya hali mbili za hewa. Ukishika barabara ya Mbinga na kupanda milima ya Umatengo mwezi wa Juni au Julai, koti halivuliwi hadi jua lipande. Ukiendelea na kuteremka hadi Mbamba Bay, kilomita zisizofika 70 kutoka Mbinga mjini, unaacha mwinuko wa zaidi ya mita 1,000 na kufika ufukweni mwa Ziwa Nyasa, karibu mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Huko, Oktoba na Novemba, kiti cha gari lililoachwa juani hakikaliki. Gari moja hupita kote huko kwa siku moja. Ndiyo maana AC za magari ya huku huharibika kwa namna ya kwao: hukaa miezi bila kuwashwa kwa sababu ya baridi, na siku zinapohitajika zinapuliza hewa ya moto.

Siku hiyo wengi wetu huenda gereji na ombi moja: "Fundi, nijazie gesi." Mwongozo huu unakuomba usianzie hapo. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ile ile, miaka nenda miaka rudi. Ni kweli mipira ya zamani hupitisha kiasi kidogo sana kadiri miaka inavyokwenda, lakini AC iliyojazwa mwaka jana na leo gesi yake imepungua ina tundu mahali fulani. Kujaza bila kuziba ni kulipia gesi ile ile mara mbili, na safari ya tatu utanunua kompresa. Kutengeneza AC ni kulitafuta tundu. Kujaza gesi ni kazi ya mwisho.

Baridi inatoka wapi

Unapopakwa spiriti kabla ya kuchomwa sindano, ngozi husikia baridi kwa sababu spiriti inageuka mvuke na kuondoka na joto lako. AC hufanya hivyo hivyo, ila mvuke wake haupotei. Hukamatwa na kurudishwa kuwa maji.

Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huugandamiza mvuke hadi uwe wa moto na wenye shinikizo kubwa. Mvuke huo huingia kwenye kondensa, ule wavu wa mabomba ulio mbele ya rejeta, ambako upepo na feni huutoa joto ukawa maji. Maji hayo hupita kwenye draya, chupa inayonyonya unyevu, kisha kwenye vali ya ekspansheni yenye tundu jembamba. Ukishavuka tundu hilo, umajimaji huo hulegea shinikizo, ukachemka ndani ya evaporeta iliyo nyuma ya dashibodi na kunyonya joto la chumba. Kisha mvuke hurudi kwenye kompresa.

Shika jambo moja hapa, kwa sababu linaamua mengi huko mbele: oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi ikipungua, oili hairudi. Kompresa inayolazimishwa kufanya kazi bila gesi ya kutosha inajisaga yenyewe.

Kwanza, vitu visivyohitaji pesa

Kabla ya kupanga safari ya Songea kutafuta fundi wa AC, kagua haya mwenyewe. Mengi yanamalizika nyumbani.

1. *Chujio la hewa ya ndani.* Kwenye Toyota nyingi za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 liko nyuma ya kisanduku cha dashibodi mbele ya abiria. Kama upepo unatoka kwa unyonge hata feni ikiwa namba ya mwisho, anza hapa. Kwenye njia ya malori ya makaa ya mawe ya Ngaka, chujio hugeuka jeusi mapema kuliko unavyotarajia. Likiwa la karatasi, badilisha. Kulipiga-piga ukutani hakulisafishi.

2. *Uso wa kondensa.* Chungulia kupitia grili. Vumbi jekundu, majani, na upande wa ziwa wadudu waitwao kungu wanaoruka kwa mawingu juu ya maji, vyote hujazana kati ya mapezi yake. Mwagia maji ya shinikizo dogo kutoka upande wa injini kwenda nje, ili uchafu utoke ulikoingilia. Usielekeze pampu ya kuoshea magari karibu, kwani hulaza mapezi na kuziba njia ya upepo kabisa. Hata asiyejali AC afanye kazi hii: kondensa iliyoziba huinyima rejeta hewa, na gari hilo ndilo linalochemsha likipanda kutoka Mbamba Bay.

3. *Feni ya mbele.* Washa injini, washa AC, fungua boneti. Kwenye magari mengi yenye feni za umeme, feni lazima izunguke mara moja au muda mfupi baadaye. AC inayopoza ukiwa mwendoni na kukataa gari likisimama mara nyingi inaumwa feni, wala si gesi.

4. *Mkanda.* Ukilegea au ukiwa na nyufa, huteleza kompresa inaposhika. Utasikia mlio mkali.

5. *Vali ya maji ya moto.* Kwenye magari ya zamani, waya unaofunga maji ya hita hukatika au hukwama. AC inapoza, hita inapasha, na wewe unapata hewa vuguvugu. Shika mipira miwili ya hita inayoingia kwenye ukuta wa injini ukiwa umeweka kitufe kwenye baridi. Kama gari lako lina vali hiyo na mipira yote miwili inaunguza, vali haifungi.

Je, kompresa inashika?

Mbele ya kompresa kuna puli inayozunguka muda wote, na bamba lake la mbele ambalo huzunguka pale tu AC inapowashwa. Ukibonyeza kitufe utasikia mgongano mdogo, na bamba litaanza kuzunguka. Hiyo ndiyo klachi.

Isiposhika, angalia fyuzi. Kisha badilishana rilei ya AC na nyingine ya aina ile ile kwenye kisanduku, kwa mfano ya honi. Kisha pima kwa testa kama umeme unafika kwenye waya wa klachi. Umeme ukifika na klachi haishiki, koili yake imekufa au nafasi kati ya bamba na puli imepanuka. Usipofika, huenda swichi ya shinikizo imekata umeme kwa makusudi kwa sababu gesi imekwisha. Swichi hiyo inailinda kompresa. Fundi akiiruka kwa kipande cha waya na kuiacha hivyo ili "AC iwake", anaitoa kompresa yako kafara.

Kuna ugonjwa wa magari yenye umri unaowadanganya wengi: AC hufanya kazi asubuhi, jua likipanda inaacha, jioni inarudi. Mara nyingi bamba la klachi limelika, na nafasi kati yake na puli imekuwa kubwa. Koili ikipata joto, sumaku yake hupungua nguvu na kushindwa kulivuta. Nafasi inayotakiwa ni karibu nusu milimita. Fundi hufungua nati ya mbele, hutoa washa moja nyembamba, na klachi inashika tena. Hakuna gesi inayohusika.

Kulitafuta tundu

Vumbi la kwetu hapa linasaidia. Kwa kuwa oili husafiri na gesi, mahali panapovuja gesi huloa oili, na oili hukamata vumbi. Chukua tochi, fuata bomba moja baada ya jingine, ukitafuta alama nyeusi yenye unyevu. Pitia sehemu hizi kwa mpangilio:

- maungio yote yenye oringi, zile pete za mpira, ambazo hukauka AC isipowashwa kwa miezi;
- mbele ya kompresa, kwenye sili ya shafti, ambako oili hurushwa na kuchora mstari kwenye boneti;
- pembe za chini za kondensa, zinazopigwa na mawe ya barabara za vumbi;
- vali ndogo za kujazia gesi, zenye moyo kama wa tairi, ambazo watu hupoteza vifuniko vyake;
- mabomba ya aluminiamu pale yanapobanwa na vishikizo na kusuguana na bodi.

Paka povu la sabuni nzito unapopashuku na subiri. Tundu dogo hutoa kiputo kimoja kwa dakika kadhaa, kwa hiyo usiwe na haraka. Kama mfumo hauna kitu, fundi ajaze naitrojeni kavu na kupima kwa povu. Asitumie oksijeni ya mtungi wa kulehemu hata kidogo, kwani oksijeni yenye shinikizo ikikutana na oili hulipuka. Hewa ya kompresa ya tairi nayo huingiza unyevu usiotakiwa.

Tundu lisipoonekana nje, ishuku evaporeta. Fundi mwenye rangi ya kung'aa huichanganya na oili, na wewe ukirudi baada ya wiki anamulika kwa taa maalumu. Rangi ikionekana kwenye maji yanayodondoka chini ya gari, evaporeta ndiyo inayovuja. Mpira unaotoa maji hayo nje nao ukiziba, zulia la abiria wa mbele litaloa. Zibua kwa waya laini.

Oringi zitakazowekwa ziwe za AC, zinazokubaliana na gesi yako, zipakwe oili ya kompresa kabla ya kufungwa. Za bomba la maji hazitadumu. Na makopo ya dawa ya kuziba matundu yaache dukani, kwa sababu huganda kwenye tundu la ekspansheni na kuharibu mashine ya fundi atakayefuata.

Kusoma geji milimani na ziwani

Injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, geji ya bluu (ya upande wa shinikizo la chini) na nyekundu (ya upande wa shinikizo la juu) husoma sawa, na namba hiyo hufuata joto la hewa. Kwa gesi ya R134a, alfajiri ya nyuzi 15 Mbinga utaona psi 57 hivi. Gari hilo hilo, bila kuongezwa wala kupunguzwa kitu, likipumzika Mbamba Bay kwenye nyuzi 30 litasoma karibu 97. Kwa hiyo fundi wa ziwani akikuambia gesi imezidi, au wa milimani akasema imepungua, muulize kwanza joto la hewa ni nyuzi ngapi. Namba hiyo ya injini iliyozimwa inaonyesha tu kwamba kuna gesi ndani, haionyeshi kiasi.

Injini ikiunguruma na AC ikiwa juu kabisa, kwenye joto la nyuzi 30 hivi, upande wa chini huwa kati ya psi 25 na 40, wa juu kati ya 175 na 225. Kwenye baridi upande wa juu hushuka zaidi. Soma hivi:

- Zote mbili chini: gesi imepungua. Tafuta tundu.
- Zote mbili juu: gesi imezidi, au kondensa haipati hewa. Osha kondensa na kagua feni kabla ya kutoa gesi.
- Ya chini iko juu, na ya juu iko chini: kompresa imechoka, haigandamizi.
- Ya chini inashuka hadi chini ya sifuri: kuna kuziba kwenye ekspansheni au draya. Kama AC inapoza kwa nusu saa, inaacha, kisha inarudi baada ya kuzimwa kidogo, unyevu unaganda barafu ndani ya vali.

Gesi ipi ukubali, ipi ukatae

Fungua boneti utafute karatasi ya maelezo: itakutajia aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Magari mengi ya mtumba kutoka Japani yaliyotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hutumia R134a. Land Cruiser na Hilux za miaka ya 1980 zilitumia R12, gesi iliyoondolewa duniani kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni, chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Gari la namna hiyo hubadilishwa kuingia R134a kwa kuweka oringi mpya, draya mpya, oili inayokubaliana na gesi hiyo, na viungio vyake vya kujazia. Kumimina R134a juu ya oili ya zamani hakutoshi, kwa sababu oili ile haichanganyiki nayo na haitarudi kwenye kompresa.

Kataa gesi ya kupikia. Ni kweli inapoza, lakini tundu likitokea kwenye evaporeta, gesi inayowaka inaingia chumbani mlimo na watoto, na cheche moja inatosha. Kataa pia R22 ya fundi friji, maana shinikizo lake ni kubwa kuliko mipira ya gari lako inavyoweza kubeba.

Hata R134a si ya kuachia ovyo hewani. Kilo moja yake hupasha dunia sawa na zaidi ya kilo 1,300 za hewa ukaa kwa kipimo cha miaka mia, na ndiyo sababu nchi zilizokutana Kigali, Rwanda, Oktoba 2016 zilikubaliana kuipunguza. Kama fundi ana mashine ya kuivuta na kuihifadhi, mwombe aitumie.

Kuvuta hewa, kisha kujaza

Mfumo ukishafunguliwa, badilisha draya. Kifaa chake cha kunyonya unyevu hujaa kikipata hewa. Kisha pampu ya vakyumu ivute kwa dakika 30 hadi 45. Hewa na unyevu visipotoka, gesi hata iwe safi haitapoza sawasawa.

Hapa mwinuko una maana. Vitabu vingi vinataka geji ifike inchi 29 za zebaki, namba ya watu wa pwani. Ziwani Nyasa mwisho wake ni 28 hivi, na kwenye mwinuko wa Songea na Mbinga ni kati ya 25 na 26. Kutoivuka 26 huku milimani si dalili ya tundu. Unachotazama ni kama sindano inatulia: funga koki, zima pampu, subiri nusu saa. Ikitulia, jaza. Ikirudi nyuma, hapajazibwa. Rudini kwenye povu la sabuni.

Gesi ijazwe kwa mzani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye karatasi. Gari lenye AC mbili, kama Noah na Hiace zenye matundu ya nyuma, hubeba gesi nyingi kuliko saluni, kwa hiyo kipimo cha gari la jirani hakikufai. Kopo lisimame wima, gesi iingie kama mvuke kupitia upande wa chini. Koki nyekundu isifunguliwe injini ikiwa inawaka, kwani shinikizo la upande wa juu litarudi kwenye kopo na kulipasua. Kopo lisipashwe kwa moto. Maji vuguvugu yanatosha. Vaa glavu na miwani, kwa kuwa gesi ikikurukia huigandisha ngozi na jicho. Pasiwepo sigara wala kulehemu karibu, maana R134a ikiungua hutoa moshi wa sumu.

Oili nayo ina aina yake. Toyota nyingi zenye kompresa ya Denso hutumia oili ya PAG 46. Magari ya haibridi yenye kompresa ya umeme hutaka oili tofauti isiyopitisha umeme, na nyaya zake za rangi ya chungwa hazishikwi na asiyefundishwa.

Kompresa ikisagika

Ikikwama na kutoa unga wa chuma, kufunga nyingine ya mtumba peke yake ni hasara. Unga ule umeshaenea hadi kondensa na ekspansheni, nao utaila ya pili. Mabomba yasafishwe, draya na vali vibadilishwe, na kondensa ikiwa ya mirija myembamba ibadilishwe pia. Kama fedha hazitoshi mwaka huu, fundi akufungie mkanda mfupi unaoiruka kompresa, pale ambapo muundo wa injini unaruhusu, uendelee na safari zako hadi mavuno ya kahawa yajayo. Ni uamuzi wa heshima kuliko kazi ya nusu.

Maswali manne kwa fundi kabla hajafungua spana

Una pampu ya vakyumu? Una mzani? Utaniwekea gesi gani? Utanionyesha palipovuja? Fundi mwema hatakasirika kwa maswali haya. Anayejibu la nne kwa kusema "gesi imeisha tu" muage kwa adabu.

Ratiba ya mwaka

*Desemba hadi Aprili,* wakati wa mvua, washa AC pamoja na hewa ya kioo cha mbele. AC hukausha unyevu, na kwenye ukungu wa kona za Umatengo kioo kisichoonyesha njia ni hatari kubwa kuliko joto.

*Mei hadi Agosti,* wakati wa baridi na mavuno ya kahawa, iwashe kwa dakika kumi kila wiki, hata kama umevaa koti. Oili itazunguka na sili ya kompresa haitakauka. Baadhi ya magari hukata AC yenyewe hewa ikiwa baridi sana, basi fanya hivyo mchana.

*Septemba,* osha kondensa, badilisha chujio, kagua mkanda. Weka kipimajoto kwenye tundu la katikati la dashibodi, madirisha yamefungwa, injini kwenye mzunguko wa 1,500 kwa dakika, uandike namba. AC nzima hutoa hewa ya nyuzi 4 hadi 10 hivi.

*Oktoba na Novemba,* kabla ya kuteremka ziwani, pima tena. Namba ikipanda kwa nyuzi kadhaa kuliko ya Septemba kwenye joto la hewa linalofanana, tundu limeanza. Lizibe sasa, gesi ikingali ndani na oili ikingali inairudia kompresa.